Petroli Rahisi ya Mingoyo

Leo nimeadhirika. Tena si mbele ya watu baki, ni mbele ya wakwe, siku ya harusi yangu mwenyewe.

Nawaandikia haraka nyinyi wenzangu wa Kilwa, kwa sababu hapa Kitomanga kuna lori la mihogo linakuja huko, na dereva wake ameona yote kwa macho yake. Amekubali kubeba barua hii. Lakini wakati anakubali alikuwa anajifuta machozi ya kicheko, kwa hiyo najua mdomo wake utafika kabla ya karatasi yangu. Basi nisikilizeni mimi kwanza. (Yeye ataongeza chumvi. Mimi nitapunguza kidogo tu.)

Habari ya posa yangu mnaijua. Mzee Nassoro, baba yake Zuhura, alinizungusha miezi minane. Hakuwa na neno na ukoo wangu wala na tabia yangu. Neno lake lilikuwa moja: madereva hawajui kuweka akiba, leo wanatamba na gari, kesho wanalisukuma. Mzee ana duka hapa Kitomanga, anauza chumvi na kaniki na petroli ya debe, na madereva amewaona wengi wakimjia kwa miguu, debe tupu mkononi. Mwisho alikubali, lakini jicho lake bado lilikuwa linanipima. Nikajiapiza kwamba siku ya harusi nitamwonyesha amepata mkwe wa aina gani.

Nimemwonyesha. Endeleeni kusoma.

Juzi nikiwa Lindi nikasikia kwamba kule Mingoyo kuna mwenye duka anauza petroli ya pipa kwa malori ya mkonge, na kila debe ni rahisi kuliko la Lindi kwa thumuni nzima. Sharti uende na debe lako. Mimi nilihitaji madebe mawili, moja la kuwapeleka watu wangu Kitomanga na moja la kurudi na bibi harusi. Thumuni mbili ni shilingi. Nikaona hii ndiyo akiba yenyewe, tena nitaitaja kwa sauti mbele ya Mzee.

Kununua kwake sikutaka hata kufikiri. Petroli yake ni ghali, maana imeshasafiri mpaka huku. Halafu kununua kwa mkwe ni mtihani. Ukiomba akupunguzie umekosa adabu. Usipoomba umeumia. Akikupa bure watu watasema umeoa duka.

Debe zima nilikuwa nalo moja. La pili nikaliazima kwa Shangazi Mwajuma, yule aliyenilea. Ni debe lake la maji. Lina tundu chini, lakini alilizibia kwa lami ya mafundi wa mashua, na huu mwaka wa tatu halijadondosha hata tone. Nililikagua mwenyewe. Nikaligonga kwa kidole, nikaligeuza juani. Zima kabisa. (Lilikuwa zima kwa maji. Hayo maneno mawili ya mwisho ndiyo sikuyafikiri.)

Leo alfajiri nikapima tangi. Gari langu kipimo chake kilikufa zamani, tunatumia kijiti: unakitumbukiza, unakitoa, unahesabu vidole vilivyolowa. Kilionyesha vidole vinne. Nikaondoka Lindi kuelekea Mingoyo nikipiga mluzi.

Barabara ilikuwa mchanga mtupu. Kule Mingoyo nikakuta malori ya mkonge matatu mbele yangu, na mwenye duka anakunywa chai bila haraka. Nikangoja mpaka jua likanipanda kichwani. Akanijazia madebe yangu, akaniuliza natoka wapi. Nilipomwambia natoka Lindi alinitazama kidogo, akarudi kwenye chai yake. Nikadhani ananionea wivu.

Nikarudi Lindi, nikatumbukiza kijiti. Kidole kimoja.

Nikakifuta, nikatumbukiza tena. Kidole kimoja. Nikabadilisha kijiti. Kidole kimoja, tena chembamba. Basi nikachukua lile debe langu zima nikalimimina lote kwenye tangi, nikapima upya. Vidole vinne.

Hapo ndipo akili yangu ilipoanza kunizunguka. Alfajiri nilikuwa na vidole vinne. Nimekwenda mbali, nimenunua rahisi, nimerudi, nimemimina debe zima, nina vidole vinne. Nikakaa juu ya bampa nikahesabu kwa mkono wa kulia, faida ikatoka. Nikahesabu kwa mkono wa kushoto, ikapotea. Nikamwita Shangazi, nikamweleza habari ya thumuni taratibu, hatua kwa hatua, kama mtu anayemweleza mgonjwa dawa zake. Shangazi akasikiliza mpaka mwisho.

"Ulikuwa na vinne na sasa una vinne," akasema. "Sasa Mingoyo ulikwenda kumsalimia nani?"

Nikamwambia hesabu za magari si za wanawake. (Niliyasema haya. Sitaki kuficha kitu.) Nikamkumbusha kwamba debe la pili bado limejaa, na faida yote imo humo. Shangazi akasema wakati wa vita petroli ilikuwa kwa kibali cha Bwana Shauri, mkuu wa wilaya, na hata hapo hakuona mtu akizunguka nayo namna hii.

Baada ya adhuhuri nikavaa kanzu yangu mpya, nyeupe, ile niliyoshonesha kwa fundi bora wa Lindi. Watu wangu wakapanda nyuma na mikeka yao na nyimbo zao. Shangazi kwa heshima yake akakaa mbele pamoja nami. Lile debe la pili nikaogopa kuliweka nyuma, lisije likapigwa mateke na wachezaji, kwa hiyo nikalisimamisha katikati yetu, karibu na mguu wangu wa kushoto, nikalifunga kwa kamba. Ukingo wa kanzu ukawa unalifunika vizuri, nikafurahi kwamba vumbi halitaliingia.

Tulipopita Mchinga Shangazi akasema kichwa kinamuuma. Nikamwambia ni jua. Baadaye akasema anasikia harufu. Nikamwambia gari ni gari, linanuka petroli tangu nilinunue. Na kweli, pua yangu mimi imeshazoea, siwezi kujua petroli ya leo na ya mwaka jana. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa baridi, baridi nzuri kabisa. Nikamshukuru Mungu kwa upepo wa bahari.

Tukafika hapa. Jamani, nilipokelewa. Vigelegele, ngoma, watoto wanakimbia pembeni ya gari, wazee wamekaa mkekani wanangoja nikaha, sheikh keshafungua kitabu chake. Nikashuka taratibu. Nikamwamkia Mzee Nassoro, shikamoo baba, akaitikia marahaba, akanitazama toka kofia mpaka viatu, na nikaona jicho lake limelainika. Nikasema moyoni, hapa hapa, nikishakaa tu namtajia shilingi yangu.

Lakini mnajua desturi ya kwetu. Bwana harusi haketi mkekani bila kufukizwa udi. Akatoka Bibi Somoe, mama yake Mzee Nassoro, bibi mdogo wa umbo ambaye nyumba nzima inamwogopa, ameshika chetezo mkononi, makaa yanawaka mekundu na moshi unapanda. Akanifukiza kifuani. Akanifukiza mgongoni. Wanawake wakazidisha vigelegele. Kisha akainama, akashika ukingo wa kanzu yangu kwa mkono mmoja, akaunyanyua, na kwa mkono wa pili akaanza kuingiza chetezo chini, udi upande vizuri mwilini.

Nikatazama chini kumpa nafasi. Nikaona ukingo wa kanzu yangu mpya kwa ndani ni mweusi. Mweusi wa lami. Na umelowa.

Sikuwa na wakati wa kufikiri, na leo kufikiri hakukunisaidia popote. Nikaruka. Niliruka nyuma, kisha upande, kisha juu ya sinia ya halua, nikaikunja kanzu mpaka magotini nikakimbia.

Vigelegele vikakatika. Nikasikia mtu anauliza bwana harusi anakwenda wapi. Mwingine akajibu kwamba anaondoka. Nilipogeuka nikamwona Bibi Somoe ananifuata na chetezo chake, kwa mwendo ambao mtu wa umri wake hapaswi kuwa nao, anawaambia watu wanishike, kwamba nimepandwa, kwamba kitu nilicho nacho kichwani hakitaki udi. Mimi napiga kelele wauondoe moto, uondoeni moto, naungua. Na kila ninavyotaja moto ndivyo watu wanavyozidi kuamini. Mzee mmoja akaanza kusoma kisomo. Bibi akaongeza udi kwenye makaa.

Nikaingia shamba la mihogo. Hapo ndipo nilipodakwa kiunoni na huyo dereva aliyewaletea barua hii. Alikuwa anapakia mzigo wake, hana habari na harusi yetu. Akaniangusha chini, akanikalia, akawaita wenyewe waje. Nilikuwa chali kwenye matuta, kofia sijui iko wapi, chetezo kinakuja, na dirishani kwa mbali nikaona upande wa kitambaa umefunuliwa na jicho moja linatazama. Zuhura. Wenzangu, moyo uliniuma. Miezi minane ya posa, na yeye anachokiona ni mume wake anamkimbia.

Mzee Nassoro akafika kabla ya mama yake. Akasimama juu yangu. Akachuchumaa, akashika ukingo wa kanzu, akaunusa. Akaunusa mara ya pili, kama anavyonusa debe analoletewa dukani.

"Mama, simama hapo hapo na hicho chetezo," akasema. "Huyu hana jini. Huyu ana petroli."

Watu wote wakarudi nyuma hatua tatu. Dereva wa mihogo akaniondokea kifuani, akazima sigara yake. (Ndiyo. Alikuwa anavuta wakati wote aliponikalia.)

Nikadhani mabaya yamekwisha. Mzee akaniuliza, "Umeinunua wapi?"

Ningeweza kusema Lindi. Ulimi ulikuwa unataka kusema Lindi. Lakini Shangazi Mwajuma alikuwa ameshafika, amesimama nyuma yake, ananitazama.

"Mingoyo, baba."

"Mingoyo ya kule, ukishapita Lindi?"

"Ndiyo, baba."

Nikaona anazipanga njia kichwani, kidole chake kinachora hewani. "Kwa hiyo ulitoka Lindi ukaenda kusini," akasema, "kutafuta petroli ya kuja kaskazini."

"Ndiyo, baba. Ni rahisi kwa thumuni."

Nilikuwa nimeahidi kuitaja akiba yangu kwa sauti, nami nikaitaja. Shamba zima lilisikia.

Mzee hakucheka. Afadhali angecheka. Alininyanyua kwa mkono, akanipeleka ghalani nyuma ya duka nikavue ile kanzu, akanipa moja ya kwake. Yeye ni mfupi, mnamjua. Nilipokuwa nahangaika kuishusha ifike angalau chini ya magoti, nikaona pembeni madebe mawili mapya, yamefungwa bado, yamesimamishwa peke yao mbali na mengine. Juu yameandikwa kwa chaki: YA MKWE. YASIUZWE.

Mzee akaona nimeona. Akasema aliyaweka siku ile ile aliyoikubali posa yangu, kwa ajili ya kumpeleka binti yake Lindi, kwa sababu alijua dereva hatakosa kuishiwa. Kisha akasema neno ambalo mpaka sasa silielewi kama ni baraka au ni kipigo. Alisema, "Nilikuogopea ubadhirifu. Kumbe ulikuwa na ugonjwa mwingine."

Nimeoa, alhamdulillahi. Nikaha imefungwa, nimeitikia kwa sauti ya kusikika, nikiwa na kanzu inayoishia kwenye ugoko, na Bibi Somoe ameketi mbali kabisa na chetezo kikiwa kimefunikwa. Sheikh naye alisogeza mkeka wake kidogo. Baada ya hapo nikaenda kwenye gari. Shangazi alikuwa amelishika lile debe lake juu, analitazama jua kupitia tundu, maana petroli ilikuwa imeiyeyusha lami yote. Faida yote ilikuwa imemwagika barabarani na kwenye kanzu yangu.

Kijiti kikaonyesha kidole kimoja. Nikabeba madebe ya mkwe, moja baada ya jingine, watu wote wakinitazama, nikayamimina. Vidole saba. Leo nzima ndiyo mara ya kwanza vimezidi vinne, na ndiyo petroli pekee ambayo sikuitafuta. Nimekaa barazani nawaandikia na bado nahesabu vidole vyangu. Thumuni naiona kabisa wakati wa kwenda. Wakati wa kurudi siioni. Akitokea kati yenu mwenye kujua ilipotelea wapi, aniandikie.

Zuhura nimeruhusiwa kumwona kidogo kabla ya safari. Nilikuwa nimetayarisha maneno matamu toka juzi. Akanitazama ile kanzu, akatazama pembeni, akaniuliza kama nina kiberiti mfukoni.

Nawaomba msinicheke. Na kama hamwezi kujizuia, basi chekeni mkiwa huko huko Kilwa, wala msije kunipa mkono wa pongezi na sigara mdomoni.

Wenu Saidi, mkwe wa Kitomanga.