Fainali ya Darsait na Goti la Mnorwei

Jumamosi, 10 Februari 2001

Tumeingia fainali. Sisi timu ya mtaa wa Darsait, na wao timu ya kiwanda cha mabomba cha Rusayl. Maana yake Ijumaa nakutana na Sverre.

Nimwandike vizuri huyu mtu, hasira zisije zikapoa. Mnorwei. Fundi mkuu kiwandani. Kwao alicheza mpira wa kulipwa miaka tisa, goti la kushoto likamtoa, na sasa kazi yake ni kunidhalilisha mimi, Harub, beki na nahodha. Mwaka 1997 nilimwambia Hatem, kipa wetu, kwamba najiangusha ili refa amtoe Mnorwei. Sverre akaanza kucheka kabla sijaanguka. Uwanja mzima ukacheka naye. Sijasahau.

Mwisho wa mwezi anarudi kwao. Ijumaa ndiyo nafasi yangu ya mwisho. Na tukifungwa, unahodha anapewa Osama, kijana wa miaka ishirini na mbili na mafuta ya nywele.

Jumatatu, 12 Februari

Nimekwenda Rusayl kupeleleza mazoezi yao. Nilijifanya mnunuzi. Nimerudi na bomba la mita sita juu ya Corolla. Sverre mwenyewe ndiye aliyenifungia kamba, huku anatabasamu. Mnafiki.

Mke wangu Kheiria kauliza bomba la nini. Nikasema la bustani. Tunakaa ghorofa ya tatu.

Jumatano, 14 Februari

Mazoezi. Silaha yetu ni ile ile: Kiswahili. Wazee wetu wote wametoka Unguja. Wa Rusayl ni Wahindi, Wafilipino na huyo Mnorwei. Mipango yetu tunaipigia kelele uwanjani na hakuna anayejua kitu. Nikisema "pandeni", mabeki tunapanda pamoja, Sverre anabaki nyuma yetu ameotea.

Hatem kakumbusha kwamba kwa miaka minne mtego huu haujamnasa hata mara moja. Nimemwambia tatizo ni sauti. Ijumaa nitapiga kelele zaidi.

Ijumaa, 16 Februari

Naandika kitandani. Mguu umefungwa plasta.

Kila niliposema pandeni, Sverre alipanda kabla ya Osama. Akatufunga, moja bila. Osama akasawazisha, kwa bahati tu. Dakika ya themanini nikachoshwa na ufundi. Nikamwambia Hatem, wazi kabisa, kwamba Mnorwei akija tena nampiga goti la kushoto, lile bovu, arudi kwao kwa magongo. Sverre alikuwa hatua mbili kutoka nilipo. Akanitazama kwa muda. Nikadhani ni woga.

Akaja. Nikarusha mguu. Akauruka kama aliyekuwa anaungoja. Nikaupiga mlingoti wa goli. Mbili moja, mpira umekwisha.

Nilipokuwa nabebwa, Osama alinivua kitambaa cha unahodha taratibu. Kasema ananishikia tu.

Jumapili, 18 Februari

Leo alasiri mtu kapiga hodi. Mama kamkaribisha, nikamsikia anaamkiwa shikamoo kwa adabu zote. Nikadhani ni mtoto wa jirani. Aliyeingia ni Sverre.

Kaleta halwa, na magongo. Kasema ni yake mwenyewe, ya tangu goti lilipomtoa uwanjani. Mimi nilimwombea yeye magongo, lakini anaona nayahitaji zaidi. Kasema yote hayo kwa Kiswahili. Kumbe kabla ya kuja huku alikaa Iringa miaka sita akisimamisha nguzo za umeme.

Nikamuuliza kwa nini hakusema siku zote hizo. Kasema hakuna aliyemuuliza. Tena Ijumaa ndiyo siku pekee anayokisikia Kiswahili, na alihofu tukijua tutahamia Kiarabu.

Mama kaniuliza kama hayo ya goti ni kweli. Nimetahayari. Nimetahayari kweli, mpaka halwa imenishinda. Nikamwomba radhi Sverre. Kasema yamekwisha, na kwamba matusi yetu ni mazuri kuliko ya Iringa. Mama kamwongeza kahawa, kisha kaniambia nna bahati nimekosana na muungwana.

Jumamosi, 3 Machi

Sverre kaondoka. Nimemuaga uwanja wa ndege kwa magongo yake, na karibu nilie. Mahali pake kaja Mdenmark, mrefu, mshambuliaji. Alikuwa Dodoma, mambo ya visima.

Lakini safari hii siingii mkenge. Kosa letu lilikuwa kutouliza. Leo nimefika mpaka Rusayl, nikamsimamisha Mdenmark mlangoni, nikamuuliza kwa Kiswahili, polepole, kama anajua Kiswahili.

Akanijibu hapo hapo kwamba hajui hata neno moja.

Nimeridhika. Siri yetu iko salama.