Kiti cha Sentimita Sitini

Jumanne, 9 Juni
Redio mpya imekataa kunitii. Redio niliyoichagua mimi, juu ya kabati nililolipiga randa mimi! Nimekaa kwenye kiti changu, nilichokichonga mwenyewe, kimo sentimita sitini, hakuna kirefu zaidi mtaa mzima. Nimebonyeza rimoti mara ishirini. Imeitika mara moja. Asilimia tano! Shemeji, mdogo wa mke wangu, aliyekuja kwa wiki moja miezi saba iliyopita, alikuwa kajilaza mkekani. Kaichukua, kabonyeza huku anapiga mwayo. Muziki huo! Eti vitu vya kisasa vinachagua mtu.

Jumatano, 10 Juni
Betri mpya. Mara ishirini, sufuri. Mke wangu anasema redio haioni. Nimemweleza kwa upole kwamba redio ni ya kusikia, kuona ni kazi ya televisheni. Kaguna, karudi kunyoosha kitambaa alichoifumia redio: maua meupe, kizito, pindo linaning'inia mbele kama kope za mtu mwenye usingizi. Kizuri mno.
Shemeji kaniuliza kama nataka anishike mkono tubonyeze pamoja. Nikaona giza. Nikatamka mbele ya mke wangu: Jumapili tunatimiza miaka ishirini ya ndoa, nitawasha wimbo wetu wa harusi nikiwa kitini. Nikishindwa, kiti ni cha shemeji. Kauliza kama mto wake umo.

Alhamisi, 11 Juni
Ajabu! Saa tisa alasiri nilikuwa nasinzia kitini, rimoti kifuani, dirisha wazi. Pazia likavimba taratibu, likajaa mwanga, sebule nzima ikawa kama inaelea. Kidole kikabonyeza chenyewe. Wimbo wetu ukaanza, polepole, kama unatoka nyuma ya miaka. Nikamwona bibi harusi wangu, gauni la kuazima, viatu mkononi, anacheza peku kwenye vumbi la mbao la karakana yangu. Nikafumbua macho. Yupo mlangoni, ndoo mkononi, nyonga inafuata wimbo. Sijamwona hivyo miaka tisa.
Upepo ukatulia. Redio ikanisahau.

Ijumaa, 12 Juni
Siri nimeigundua! Dirisha wazi, upepo ukivuma: kumi na nne kwa ishirini. Dirisha limefungwa: sufuri kwa ishirini. Hesabu haidanganyi. Nguvu ya rimoti inabebwa na upepo! Shemeji kacheka mpaka kapaliwa na mate. Mke wangu karudia kwamba redio haioni. Kila mtu na wimbo wake. Nimeazima feni kwa jirani. Itakaa nyuma ya kiti, ikielekea redio.

Jumapili, 14 Juni
Feni kasi ya tatu. Kitambaa kikajibana kwenye uso wa redio kama plasta. Mke wangu akaingia kapendeza, akasimama katikati ya sebule. Viatu mkononi! Nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Mara thelathini na moja. Akainama, akaanza kuvaa viatu.
Shemeji akanigonga bega: ahadi ni deni, shemeji, teremka. Nikateremka, nikakaa mkekani kama mgeni kwangu. Akapanda, miguu inaning'inia, akazima feni, eti baridi, akabonyeza ili anitambie. Kimya! Mara saba! Akaruka chini akilia kwamba kiti kina mashetani. Nikamnyang'anya rimoti, nikabonyeza palepale nilipokaa, kwa hasira tu.
Wimbo ukajaa nyumba. Mke wangu akavua tena viatu, akanivuta mkono. Jua la alasiri lilikuwa sakafuni, tukawa tunalikanyaga na halimalizi kung'aa. Sikuhesabu tumecheza mara ngapi. Sita.

Jumatatu, 15 Juni
Shemeji kanirudishia kiti, hataki hata kukigusa. Nimekaa, nimefikiri, jibu ni moja tu: redio ilitaka kwanza kujua nani mwenye nyumba. Sasa imejua. Kwa hiyo nimekiongezea kiti miguu, sentimita ishirini, isije ikasahau.
Mke wangu naye anaongeza pindo la kitambaa, vidole vinne. Anafuma huku anacheka peke yake. Anasema anayetaka kucheza naye atateremka. Sijui ana maana gani, nilikuwa nabonyeza.
Mara ishirini. Sufuri.
Ni betri.