Kitengo cha Kuona Mbali

Ilitangazwa kwa furaha kubwa, mbele ya makreti mawili ya soda, kwamba Ofisi ya Makisio ya Mazao, tawi la Kigoma, imekuwa ya kwanza nchini kuanzisha Kitengo cha Kuona Mbali. Bwana Dismasi, mkuu wa tawi, alilisoma tangazo mara mbili, maana mara ya kwanza watu wa mtaa wa Mwanga walikuwa bado wanagombea viti.

Chanzo kilikuwa waraka kutoka Dar es Salaam. Uliagiza kila tawi liteue "mtu mwenye kuona mbali" wa kukadiria bei ya kahawa katika soko la London, ili Taifa lijue lini liuze na lini lingoje. Matawi mengine, kwa uvivu tu wa kufikiri, yaliteua makarani wenye vyeti. Dismasi alitekeleza waraka neno kwa neno. Alikwenda Ujiji akamleta Bi Mwanvua, ambaye alikwisha kuona mbuzi aliyepotea Kidahwe na mume aliyepotelea Kalemie, ng'ambo ya ziwa, bila kuinuka mkekani.

Bi Mwanvua akapewa meza, muhuri na cheo cha Mwonaji Daraja la Tatu. Saa za kuona zilikuwa za kazi, isipokuwa sikukuu. Kila mwisho wa mwezi alifumba macho, akaligeukia ziwa, ingawa London haiko upande huo, akasema bei itashuka. Ikashuka. Miezi sita mfululizo ikashuka, na wenye vyeti wote wakakosea.

Dismasi alimuuliza siri yake.

"London siioni, mwanangu," Bi Mwanvua alisema. "Namwona mkulima mbele ya mizani yenu. Sijapata kuona bei yake ikipanda."

Dismasi aliandika katika ripoti kuwa mbinu ni ya kisayansi.

Ripoti ikamfikia Mkurugenzi, Bwana Bonaventura, aliyeuandika ule waraka. Alipanda treni mpaka Kigoma akiwa na kitambi, mkoba, na barua mbili: ya kufunga kitengo na ya kumfukuza Dismasi. Habari zake zilimfikia Dismasi. Alikuwa na watoto saba na nyumba ya serikali, na aliogopa waziwazi, bila aibu.

Mbele ya watumishi Mkurugenzi alinguruma saa nzima juu ya ushirikina, adui wa Ujamaa. Kuona mbali ni kupanga, alisema, si kufumba macho. Kisha akaamuru watu wote watoke, abaki na Bi Mwanvua kwa mahojiano ya kina. Dismasi alitoka, akabandika sikio mlangoni.

Miaka hiyo wakubwa walipata kujua kuwa wameachishwa kazi kupitia taarifa ya habari redioni, sawa na raia wengine, na taarifa ya saa saba mchana ilikuwa inakaribia.

"Shikamoo, mama," Mkurugenzi alisema, kwa sauti ambayo hakuitumia kwenye hotuba. "Ofisi yangu ya Dar unaiona?"

"Marahaba. Naiona."

"Na kiti changu?"

"Nakiona vizuri. Kina mto wa buluu."

"Na mimi?"

"Wewe sikuoni, mwanangu. Aliyekikalia ni mwembamba."

Dismasi alisikia karatasi zikichanwa, moja, kisha ya pili. Halafu Mkurugenzi akauliza, polepole sana, kama huyo mwembamba amevaa miwani.