Meja wa Siku Moja

Jumatano, 10 Julai
Bado naigiza luteni katika ngome ya makumbusho. Kazi yangu: kukaa peke yangu katika nyumba ya maluteni wa zamani na kuwaambia watalii wasikalie blanketi. Nyumba ya pili, yenye baraza kubwa, ni ya kapteni. Kapteni ni Tate Hollings. Dada wa kapteni anaigizwa na Yadira. Masharubu ya Tate ni ya kweli, yangu ya gundi. Nimesomeshwa Kihispania na Kiingereza. Mbele ya Yadira vyote viwili hunihama. Jumapili jioni anahamia El Paso. Lazima niingie nyumba ile.

Alhamisi, 11 Julai
Nimepata! Enzi zile, ofisa mwenye cheo kikubwa akifika ngomeni alichagua nyumba aitakayo. Aliyetolewa humo naye alimtoa wa chini yake, mpaka mdogo wa wote akalala hemani. Nimemshawishi Bi Orozco, mkuu wetu, tuwaonyeshe watalii Jumamosi. Akauliza meja atakuwa nani. Nikasema, kwa unyenyekevu, kwamba kofia ninayo. Tate akanipigapiga begani: eti karibu, dogo, nitakuachia gundi ya masharubu kwenye droo. Acha acheke.

Jumamosi, 13 Julai
Nilibisha hodi nikatangaza nyumba ni yangu. Sauti ilikatika katikati. Watalii walipiga makofi. Tate akabeba sanduku akahamia kwa maluteni. Yadira akabeba birika, akamfuata. Bila shaka. Dada huenda na kaka. Hilo sikuliwaza.

Nikabaki na vyumba vitano na piano bubu. Mchana akaja kanali, aliyeigizwa na nyanya wa Bi Orozco, na upanga wa mbao. Akaitaka nyumba yangu. Kwa desturi ningemtoa Tate, na Yadira angeishia hemani, juani. Sikuweza. Meja mzima nikaenda hemani mwenyewe.

Yadira akaniletea tamale, vile vitafunio vya unga wa mahindi na nyama. Akasema mimi ni mtu wa ajabu: tangu Juni anamwomba Bi Orozco ampange katika nyumba ya maluteni, leo kafika, mimi nimeshapanda cheo. Akakaa kitandani. Nikamwambia tafadhali asikalie blanketi.

Jumapili, 14 Julai
Sikulala, nilitafakari. Kosa langu liko wazi: umeja ni cheo kidogo. Jenerali akiichagua nyumba ya maluteni, nani atamtoa?

Tate hayupo, kaenda harusini. Kutoka hemani namwona Yadira kwenye kibaraza cha maluteni, peke yake, na vikombe viwili. Amenipungia mkono mara mbili.

Subiri hapo hapo, Yadira. Nimebakiza kushona nyota ya bega moja tu.