Ombi la Kurudishiwa Daktari Asiyeniangalia

Mheshimiwa Msimamizi wa Zahanati,

Natumaini barua hii itakukuta mzima. Kama si mzima, basi Mungu akuepushe na chumba namba tatu.

Mimi ni fundi saa, mgonjwa wenu wa presha kwa miaka kumi na moja. Muda wote huo nilitibiwa na yule mzee tuliyemwita Daktari Anayefuata, kwa kuwa hilo ndilo neno alilotuambia zaidi. Nikiingia anaandika, nikitoka bado anaandika. Dakika mbili na nusu, nimezipima mwenyewe. Tuliheshimiana sana. Sasa amestaafu, nanyi chumba chake, namba tatu, mmempa daktari binti anayezungumza na wagonjwa. Malalamiko yangu ni haya:

1. Aliweka kalamu chini. Akageuza kiti, akanitazama usoni, akaniuliza naendeleaje. Nikajibu sijambo, kama mtu yeyote mwenye adabu. Hakuridhika.

2. Akiuliza swali, anasubiri jibu. Mheshimiwa, ukimya ule ni wa kipolisi. Nilivumilia nusu dakika, halafu nikajisikia nikisema, mbele ya mke wangu aliyenisindikiza, kwamba tangu mwaka jana vidonge vyangu naviweka kwenye kopo la skrubu dukani badala ya kuvimeza. Marehemu kaka yangu alimeza vyake kila siku na bado presha ilimwangusha. Naogopa. Mpaka siku ile sikujua kwamba naogopa, na nilikuwa naishi vizuri tu.

3. Hakunifokea. Nilijiandaa kufokewa, maana ukifokewa unapata haki ya kukasirika na kuondoka. Yeye alisema, "Baba, hata mimi ningeogopa." Nikajikuta nimesogeza kiti karibu.

4. Alinieleza ugonjwa wangu kwa lugha nyepesi, kisha akataka nami nimweleze kwa maneno yangu. Nikamweleza, tena vizuri. Sasa siwezi kusema sikuelewa, na hiyo ndiyo ilikuwa kinga yangu nyumbani.

5. Mke wangu naye alielewa. Kila asubuhi ananisimamia na glasi ya maji. Juzi nimepimwa, presha imeshuka, kwa hiyo hata haki ya kujisikia vibaya nimenyang'anywa.

Akiachwa hivihivi, watu wote watajua wanaumwa nini, na wengine watapona. Hapo zahanati mtamtibu nani? Naomba ahamishiwe chumba cha maiti, ambako anaweza kuuliza na kusubiri apendavyo.

Nisalimie wauguzi, watu wa maabara na mama wa mapokezi, ambaye hajawahi kuniuliza lolote.

Wako katika ugonjwa,
Fundi Saa, duka la mkabala na geti lenu

Nyongeza: Uhamisho usubiri kidogo. Tangu mwezi uliopita kifua kinanibana nikipanda ngazi, na mke wangu hajui. Naomba Alhamisi niwe wa kwanza kuingia kwa yule binti. Kama kesho yupo, basi iwe kesho.