Michoro Yangu Iko kwa Mama Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Leo nimezaliwa upya! Michoro yangu ya mishono, miaka kumi na miwili ya jasho la fundi, inahama kutoka simu hii yenye kioo kilichopasuka kwenda hifadhi ya mtandaoni. Umo na mshono wa sare za kwaya. Ijumaa mwalimu wa kwaya anachagua mshono na fundi. Nikipata, nimetoka! Nikikosa, ni viraka na zipu hadi uzeeni. Mikasi, fundi wa duka la mkabala, atanitambua.

Jumanne, 4 Machi
Nimesoma masharti ya kampuni ya hifadhi. Kurasa thelathini na tisa! Eti wanataka ruhusa ya kunakili faili zangu. Hawaniingizi mjini! Mke wangu akasema wananakili ili zisipotee, nifungue tu akaunti yangu, niweke nywila ngumu. Nikamwambia haijui dunia. Hajaniandalia chai.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Mama mkwe ana akaunti tupu, picha tatu tu za paka. Nimeazima simu yake, nimeweka kila kitu humo, nikajitumia kiungo cha kuitazama michoro. Kampuni itamjua yeye, mimi wapi! Kwenye simu yangu nimefuta yote, ushahidi usibaki. Nimecheka peke yangu mpaka mteja akaondoka.

Alhamisi, 6 Machi
Mama mkwe kapiga simu. Kaona mikono ya sare mifupi, eti watu wazima hawaimbi kwapa nje. Kairefusha kwa kidole, kwa rangi nyekundu, kisha kamtumia mwalimu wa kwaya. Nikamwamkia upya kwa heshima zote, nikamwambia, mama, ile ni mali yangu. Akaniambia nitazame palipoandikwa mmiliki. Nikatazama. Jina lake, na uso wa paka! Mimi nimeruhusiwa kutazama tu.

Ijumaa, 7 Machi
Mshono wangu umeshinda! Nimeruka, nimegonga kichwa kwenye rafu ya vitambaa. Kisha nikaambiwa mbunifu ni mama mkwe. Naye mbunifu huyo kamchagua Mikasi ashone, kwa sababu hacheleweshi nguo za watu. Mimi nimepewa vifungo. Imeniuma sana, nimelia kidogo nyuma ya pazia la kujaribia nguo.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeshona vifungo dukani kwa Mikasi. Kumbe mtu mwema! Kasema mama mkwe si mtu wa kuachiwa mali, na yeye ana nafasi tele kwenye akaunti yake. Nimeazima tena simu ya mama mkwe, nimehamishia yote kwa Mikasi, kwa mama mkwe nimefuta. Nimeshinda! Mikasi kauliza kwa upole kama kuna mingine. Nikamwambia ipo, kwenye daftari nyumbani. Kesho nampelekea.