Triga ya Bunduki ya Baba

Jumatatu, 3 Novemba
Nimeamua. Kambi ya familia ya jangwani msimu huu wa baridi nitaenda na Baba mimi, si Carolyne. Carolyne ni nesi wa Baba, yaani mwajiri wetu Mwarabu, mwenye nyumba hii ya mtaa wa Muaither. Tangu mzee apigwe na kiharusi, hanywi hata maji bila kumuuliza yeye. Mimi dereva nimebaki wa kuosha magari.

Jioni Baba alitoa bunduki yake ya upepo, ile ya springi, unayoikunja mtutu. Akalenga mkebe kwenye rundo la mchanga nyuma ya nyumba. Kidole kikashindwa kuvuta triga. Akajaribu tena. Akairudisha kwenye mfuko wa bunduki.

Nikaona nafasi yangu. Nikamwambia triga hulegezwa, na fundi ni mimi. Akanitazama kama mtoto aliyeahidiwa baiskeli.

Sijawahi kushika bunduki.

Jumatano, 5 Novemba
Nimetazama video. Jamaa anasema hakikisha haina risasi, springi iwe imelala, mtutu haujakunjwa, geuza skrubu ya triga robo tu, jaribu, ndipo urudie. Mwoga huyo! Nimeizungusha mpaka ikakataa. Sasa triga ukiipulizia inaitika.

Carolyne aliuliza kwa nini nimejifungia gereji. Nikamwambia nawinda panya.

Ijumaa, 7 Novemba
Aibu. Baada ya swala Baba aliketi kwenye kiti chake, kanzu imepigwa pasi, Mama, mkewe, kando yake. Nikakunja mtutu kwa mbwembwe. Nikaweka risasi. Vidole vikiwa bado kwenye maungio ya mtutu, triga ikajiachia yenyewe. Mtutu ukajifunga kama mlango wa lifti mbovu. Nililia kwa Kikuyu mbele ya familia nzima.

Kucha mbili zimekwenda. Carolyne alinifunga bendeji bila kunisuta, jambo lililoniuma kuliko vidole. Alisema tu afadhali vidole vyangu kuliko jicho la mzee.

Baba aliomba apelekwe kulala. Jua lilikuwa bado juu.

Jumapili, 9 Novemba
Mimi na Carolyne tumepeleka bunduki kwa fundi, Industrial Area. Alirudisha skrubu, akaikunja bila risasi na kuifyatua akiwa ameushika mtutu usijifunge kwa kishindo, kisha akaikunja tena na kugonga kitako kwa nyundo ya mpira aone kama itajiachia. Haikujiachia. Alikataa kuilegeza zaidi. Kwa kidole cha mgonjwa, alisema, bado itakuwa ngumu.

Tukirudi, tulisimama kwenye taa za barabarani za Muaither. Ndipo Carolyne akaniambia Baba haendi kambini. Moyo umechoka. Madaktari wamewaambia watoto wake, mzee mwenyewe hajaambiwa.

Nilikuwa nimeshapakia nguo.

Jumanne, 11 Novemba
Baba aliitaka bunduki. Carolyne alishikilia kitako begani mwa mzee. Mzee akavuta. Triga haikusogea. Akaniita kwa macho. Nikaweka kidole changu juu ya chake, tukavuta pamoja, polepole.

Mkebe ukaanguka.

"Nani amepiga?" akauliza.

"Ni wewe, Baba."

"Mwongo," akasema, na akacheka kwa upande ule wa uso unaocheka bado. Akatutaka tuusimamishe tena. Tulipiga mpaka adhana ya magharibi.

Jumapili, 16 Novemba
Baba amefariki. Ilikuwa Ijumaa alfajiri, na kabla ya jioni alikuwa ameshazikwa. Niliendesha gari la nyuma kabisa kwenye msafara wa mazishi. Carolyne alikunja shuka za mzee, akazikunjua, akazikunja tena. Nilitaka kumwambia neno, nikamletea chai. Ilikuwa haina sukari. Akainywa yote.

Usiku mzima nawaza skrubu ile. Robo moja tu zaidi, angepiga peke yake. Fundi yule alikuwa mwoga.

Jumatano, 26 Novemba
Carolyne amepata kazi mtaa wa The Pearl, kwa bibi mmoja mgonjwa. Nilimpeleka na mabegi yake. Aliniambia nitunze vidole vyangu. Nikarudi na gari tupu, redio imezimwa.

Mama ameniita sebuleni. Alinipa saa ya ukutani aliyoipenda marehemu nikaipanguse vumbi, basi. Vumbi tu, alisisitiza, mara mbili. Lakini nilipoisikiliza kwa makini niliona inachelewa kidogo.

Nimeshaifungua. Inatembea vizuri sana sasa, ila kinyumenyume, na kuna skrubu mezani ambazo sidhani ilikuwa inazihitaji.